Kaseti ya MiniDV ikileta viboksi, anza na mashine kabla hujailaumu kaseti

Wadau, leo naomba tuongelee zile kaseti ndogo za kamera, MiniDV, maana naona siku hizi zinatupwa sana na zinatupwa zikiwa nzima. Mtu anakuta boksi la kaseti juu ya kabati, harusi ya 2003, ubatizo wa mtoto, hitima ya bibi, anaazima kamera kwa jirani, anachomeka kaseti, picha inakuja imejaa viboksi, inaganda, sauti inakatakata, anasema basi hizi zimeshakufa, ndoo ya taka. Na ukimpelekea fundi wa mtaani unaweza kupewa jibu hilohilo, kaseti imekufa, kwa sababu ni jibu fupi kuliko kufungua mashine na kuangalia. Inaniuma sana. Kaseti nyingi za hivyo hazina kopi nyingine popote, zile DVD walizogawiwa ndugu zilishachubuka zamani, na aliyeshuti alishauza kompyuta yake miaka hiyohiyo.

Msimamo wangu, baada ya kuhamisha kanda za ndugu na majirani kwa muda mrefu, ni kwamba kaseti iwe ya mwisho kulaumiwa. Kwanza angalia hedi, zile ncha ndogo zinazosoma mkanda, kama ni chafu, alafu kamera unayochezea kama inaelewana na ile iliyorekodi, alafu unyevu, alafu waya na kompyuta, ukishamaliza hayo yote ndo urudi kwenye mkanda wenyewe. Na uzuri ni kwamba picha yenyewe inakuambia tatizo liko wapi, ukijua kuisoma.

Tuingie ndani kidogo ili haya mengine yaeleweke. MiniDV ilitoka 1995, mkanda wake una upana wa milimita 6.35 na unatembea taratibu sana, kama milimita 18.8 kwa sekunde, kwahiyo kaseti ya dakika 60 ina karibu mita 68 za mkanda. Kazi kubwa inafanywa na drami, kile kigoma cha chuma kinachong'aa ukifungua mlango wa kaseti, kimeinama upande kidogo, kipenyo chake milimita 21.7 na kinazunguka mara 9,000 kwa dakika. Drami ina hedi mbili, moja upande huu na nyingine upande wa pili, kila hedi ikipita inaandika au inasoma traki moja, yaani mstari mmoja wa mshazari wenye data, ukipiga hesabu zinakuja traki 300 kila sekunde. Huku kwetu kamera zilikuwa za PAL, mfumo wa video wa fremu 25 kwa sekunde, ina maana kila fremu imegawanywa kwenye traki 12. Hiyo namba 12 ishike, tutaihitaji. Na kila traki ina upana wa maikroni 10 tu, yaani unywele mmoja wa kichwani unalala juu ya traki kadhaa kwa mpigo. Sasa punje ya vumbi ikikaa kwenye ncha ya hedi, au unga wa mkanda ukaganda pale, hedi haigusi mkanda tena na haisomi kitu.

Watu waliozoea VHS wanachanganyikiwa hapa. VHS ilikuwa inachakaa polepole, unaanza kuona chenga kidogo, unazungusha kile kitufe cha traking, chenga zinapungua, maisha yanaendelea. MiniDV haina kitufe hicho, mashine inafuata traki yenyewe kwa ishara zilizorekodiwa ndani ya traki. Alafu ni data, ina hesabu za kurekebisha makosa, Reed-Solomon, za aina moja na zile zinazotumika kwenye CD. Makosa yakiwa madogo mashine inayarekebisha kimyakimya na wewe huoni chochote, picha safi kabisa, lakini makosa yapo na yanaongezeka. Yakizidi uwezo wa marekebisho ndo viboksi vinatokea ghafla. Na pale kipande kinapokosekana kabisa mashine inachukua kile cha fremu iliyopita inabandika, ndo maana unaona bibi harusi ameshaondoka meza kuu lakini kipande cha shela kimebaki hewani pale alipokuwa amekaa. Kwahiyo mtu akikuambia "jana ilikuwa inacheza vizuri, leo imeharibika ghafla", usimwone muongo, mara nyingi hedi ilikuwa inachafuka siku zote na jana ndo ilikuwa mpakani.

Haya, kusoma picha. Chukua kalamu, weka kaseti, tazama dakika chache bila kugusa kitu.

Kama unaona picha imekatwa mistari minene ya mlalo, mmoja unatembea mmoja umeganda, mmoja unatembea mmoja umeganda, kuanzia juu mpaka chini, na mistari hiyo inakaa palepale haihami, hapo hedi moja kati ya mbili haisomi. Hesabu mistari, itakuja 12, sita mizima na sita mibovu. Ni zile traki 12 za fremu, hedi moja inasoma zake, nyenzake imeziba. Sauti nayo hapo inakatika kabisa au inatoa milio ya ajabu kama kuku, kwa sababu sauti pia imegawanywa kwenye traki za hedi zote mbili. Hii ndo dalili ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haina utata, na nyingi zinapona kwa kusafisha tu. Angalizo moja: inawezekana hedi ilikuwa imeziba siku ile ya kurekodi, sio leo. Utajua kwa kuweka kaseti nyingine unayoiamini kwenye kamera hiyohiyo. Kaseti nyingine ikicheza safi na hii ikaendelea na mistari yake, na ukaiweka kwenye kamera ya pili mistari ikawa ileile, basi hizo traki hazikuandikwa kabisa na hakuna fundi duniani atakayezitoa. Inasikitisha ila ni bora ujue mapema kuliko kupeleka hela kwa mafundi.

Kama viboksi vimetapakaa huku na huku bila mpangilio, rudisha nyuma kidogo ucheze sehemu ileile tena. Hili jaribio ni dogo lakini linatenganisha mambo makubwa mawili. Viboksi vikihama, mara hii viko usoni kwa bwana harusi, ukirudia viko kwenye pazia, tatizo ni mashine au uchafu unaotembea. Vikirudi palepale, sekunde ileile, kona ileile, kila ukirudia, tatizo liko kwenye mkanda, umekunjika, umekwaruzwa, au una doa. Nimeona watu wanasafisha hedi kila siku kwa ajili ya doa moja la mkanda, wanamaliza hedi bure.

Viboksi vikiwa mwanzoni tu mwa kaseti, nusu dakika au dakika ya kwanza, alafu picha inatulia, usihangaike sana. Pale ndo mahali mkanda unavutwa na kuzungushiwa kwenye drami kila kaseti ikiingizwa, panachoka kuliko pengine, na wapiga picha makini walikuwa wanaacha kama dakika moja ya mwanzo irekodi rangi za majaribio au giza kwa sababu hiyo. Shida ni kwamba huku kwenye sherehe mtu alikuwa anaingiza kaseti huku maharusi wanaingia ukumbini, hakuna cha kusubiri dakika, kwahiyo dakika iliyochoka kuliko zote ndo yenye kuingia ukumbini. Hiyo sehemu ihamishe mara kadhaa, nitaeleza chini.

Ukikuta picha inakatika inakuwa buluu au nyeusi kwa sekunde kadhaa na ile saa ya kaseti inarudi sifuri, hapo hakuna kilichoharibika, mpiga picha alirudisha nyuma kutazama alichoshuti akaanza kurekodi mbele kidogo ya mwisho, akaacha pengo. Programu za kuhamishia ndo huwa zinagoma kwenye pengo kama hilo, zinasimama au zinakata faili. Ruka pengo, anza upya mbele yake.

Na ya mwisho, picha kwenye kioo cha kamera ni safi lakini faili kwenye kompyuta linarukaruka. Kaseti haina kosa, hedi haina kosa, nenda moja kwa moja kwenye waya na kompyuta.

Nitoe mfano wa kwangu. Mama mdogo alikuwa na kanda ya sendofu yake, fundi mmoja aliishika dakika mbili akasema imekufa. Nilipoicheza nikaona ile mistari, mmoja hai mmoja umeganda, nikahesabu, 12. Nikaweka kaseti yangu ya majaribio kwenye kamera ileile, nayo mistari. Ina maana kamera ndo mgonjwa, na ilikuwa kamera iliyokaa stoo miaka bila kuwashwa. Nikasafisha, na babu akatokea kwenye kioo akiwa anatoa nasaha, sauti yake kabisa, na babu alishafariki. Mama mdogo alikaa chini pale pale sakafuni akasikiliza mpaka mwisho. Hiyo kaseti ilikuwa imeshaandaliwa kutupwa, na ndo maana nakuwa mkali kidogo kwenye hili la kusema kaseti imekufa.

Sasa kusafisha. Njia ya kwanza ni kaseti ya kusafishia, ile kavu. Unaiingiza, unabonyeza plei, unaiacha sekunde 10, unasimamisha, unaitoa. Basi. Usiirudishe nyuma ukaitumia tena sehemu ileile, maana unarudisha uchafu ulioutoa, na usiiache icheze dakika nzima ukidhani inasafisha zaidi, ile kaseti inakwaruza kidogo, ndo inavyofanya kazi, na hedi ni kitu chembamba kinachoisha. Ukimaliza jaribu na kaseti isiyo na thamani kwanza, sio ile ya harusi. Kama haijapona rudia, na kama baada ya kurudia mara kadhaa hakuna mabadiliko yoyote, acha, uchafu umeganda au hedi imeisha.

Njia ya pili ni kwa mkono, na hii sikushauri kama mikono yako haijatulia. Unahitaji isopropili ya asilimia 99, sio spiriti ya kawaida ya duka la dawa, ile ina maji ndani, na hakuna kabisa habari ya pafyumu au petroli, nimewahi kusikia watu wanatumia petroli. Unahitaji kitambaa kisichoacha nyuzi, ngozi laini ya swala au ya kondoo ile ya kusafishia lenzi ndo nzuri. Pamba za masikio weka mbali na drami, nyuzi zake zinanasa kwenye hedi na kuing'oa. Zima kamera, toa betri, lowesha ngozi kidogo, ishike imetulia kwenye drami bila kukandamiza, alafu zungusha drami polepole kwa kidole cha mkono mwingine ukiishika kwa juu. Ngozi haitembei, drami ndo inatembea. Usipeleke ngozi juu chini hata siku moja, hedi zimechomoza kidogo sana pale pembeni na ukizisukuma juu au chini zinavunjika, na hedi ikivunjika kamera hiyo imeshakuwa ya kuuza spea. Ukimaliza drami, futa na ile rola ya mpira inayovuta mkanda, hapo pamba ya masikio ruksa, na vile viguzo vidogo mkanda unapopita. Acha ikauke vizuri kabla ya kuingiza kaseti.

Kuna jambo la chapa za kaseti. Wapiga picha wa zamani walikuwa wanasisitiza chagua chapa moja ubaki nayo, kwa madai kwamba kilainishi cha chapa hii kikikutana na cha ile kinatengeneza gundi kwenye hedi. Walibishana miaka na miaka. Mi sichagui upande kwenye ubishi huo, ila wewe unayehamisha boksi la kanda mchanganyiko huna uwezo wa kubaki na chapa moja, kwahiyo zipange kwa chapa, maliza za aina moja, safisha, ingia nyingine. Haigharimu kitu.

Hapa sasa kuna sehemu ambayo naona watu wengi wanaikosa, kamera kutoelewana. Kila kamera ina mpangilio wake mdogo wa jinsi mkanda unavyopita kwenye drami, kiwandani zilipangwa zilingane lakini baada ya miaka ya kudondoshwa na kubebwa kwenye bodaboda zinahama. Kamera iliyohama inarekodi traki zilizohama, na inazisoma vizuri yenyewe, maana imehama vilevile. Ukichukua kaseti yake ukaweka kwenye kamera nzima, viboksi. Kwahiyo swali la kwanza ninalomuuliza mtu ni, ile kamera iliyorekodi iko wapi? Ni ya mjomba? Bado ipo hata kama ni mbovu kioo? Kamera mbovu kioo au mbovu lenzi lakini inayozungusha kaseti ni mali, usiitupe, inaweza kuwa ndo mashine pekee inayosoma kanda zenu za familia.

Hili linakuwa baya mara mbili kwenye LP. Kamera nyingi zilikuwa na uchaguzi wa SP, kasi ya kawaida, na LP, kasi ya polepole, kwenye menyu, LP inakupa dakika 90 kwenye kaseti ya dakika 60, na kwenye sherehe za kwetu zinazoanza saa moja usiku na kuisha saa saba, mtu alikuwa anaweka LP ili aokoe hela ya kaseti. Gharama yake ni kwamba traki inabanwa kutoka maikroni 10 mpaka 6.7. Nafasi ya kukosea inapungua, kamera ikihama kidogo tu haisomi tena kanda ya mwenzake. Kaseti ya LP ikikataa kwenye kamera moja, jaribu ya pili, ya tatu, kabla ya kukata tamaa, nimeona tofauti ya mbingu na ardhi kati ya kamera mbili za kampuni moja.

Upande wa pili kuna DVCAM, aina ya DV ya Sony kwa watu wa kazi. Waliokuwa na kamera za kazi kama Sony PD150 ya 2000 au PD170 iliyofuata, walikuwa wanaweza kurekodi DVCAM kwenye kaseti hiihii ndogo, traki ya maikroni 15, mkanda unakwenda kasi zaidi, kaseti ya 60 inatoa dakika 40. Kwa nje huwezi kujua. Sio kila kamera ndogo inasoma DVCAM, nyingine zinaleta kioo kitupu. Kwahiyo ukikuta kaseti ya harusi iliyoshutiwa na studio inayojulikana, haileti hata kiboksi kimoja, imenyamaza tu, usiseme imefutika, tafuta kwanza kamera ya kazi.

Unyevu. Sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, hili linatuhusu kuliko mtu wa Arusha. Kamera ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi ikaingia kwenye joto la mchana, ukungu wa maji unaganda kwenye drami, mkanda ukiigusa unanata. Kamera nzuri zina kihisi, zinaandika kwamba kuna unyevu na zinakataa kucheza. Usiilazimishe, usiizime na kuiwasha kuidanganya, toa kaseti kama inakubali kutoka, acha mlango wazi kama saa moja hivi. Kaseti zenyewe nazo zikae kwenye chumba cha kazi saa kadhaa kabla ya kuchezwa. Na kabla ya plei ya kwanza, kaseti iliyolala miaka ipeleke mbele mpaka mwisho alafu irudishe mwanzo, bila kucheza, mkanda ulegee kwenye magurudumu yake na ujipange upya, kwa sababu uliokaa muda mrefu unakuwa umekaza sehemu nyingine na kulegea nyingine, na kamera inaposhindwa kuvuta kwa mkazo sawa unapata viboksi vinavyokuja na kuondoka. Kingine kabla ya hayo yote, sogeza kile kitufe kidogo mgongoni mwa kaseti kiwe upande wa SAVE. Kidole kinateleza, mtu anabonyeza rekodi badala ya plei, na hapo hakuna kurudi.

Kama ukitazama kupitia kidirisha unaona weupe kama unga au utando pembeni ya mkanda, hiyo ni kuvu. Hiyo usiicheze. Sio kwa ajili yake tu, ni kwa ajili ya kaseti zote zitakazofuata kwenye kamera hiyo, maana inapaka hedi na kuhamia kwenye mikanda mingine. Iweke kwenye mfuko wa peke yake na vile vipakti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, isubiri mtu mwenye mashine ya kuitolea sadaka.

Sasa kompyuta. Watu wengi wanachomeka waya wa USB wa kamera wanapata picha ndogo mbaya au hawapati kitu, kwa sababu kwenye kamera nyingi za hizi USB iliwekwa kwa ajili ya picha za mnato. Tundu la kazi ni lile dogo la pini 4 lililoandikwa DV au i.LINK, ndo FireWire, njia ya kupitishia data ya video kwenda kompyuta. Huko ndani hakuna kubadilisha chochote, ni kunakili data ilivyo, ndo maana inapita saa kwa saa na ubora haupungui. Unahitaji kompyuta yenye FireWire, laptopu za zamani ndo kimbilio, au kompyuta ya mezani uiwekee kadi. Vile viadapta vidogo vya plastiki vinavyouzwa bei rahisi, upande mmoja FireWire upande mwingine USB, havifanyi kazi, hizo ni lugha mbili tofauti na kipande cha plastiki hakitafsiri. Usipoteze hela. Na chomeka waya kamera ikiwa imezimwa, ule upande wa pini 6 una umeme ndani, ukiingia vibaya unaunguza tundu la kamera, na tundu likiungua umebaki na waya za njano, nyeupe na nyekundu tu.

Faili linakula karibu megabaiti 3.6 kila sekunde, saa moja ni kama gigabaiti 13. Sio kasi kubwa, hata diski ya zamani inaweza, lakini ukiwa unahamisha huku umefungua intaneti na antivairasi inapekua, fremu zinadondoka. Hizo fremu zilizodondoka kwenye kompyuta sio viboksi vya kaseti, usichanganye, unazitambua kwa sababu picha inaruka mbele bila kuvunjika. Na ukiona faili linakatika kabla ya dakika 20 kila mara, angalia eksteno yako imefomatiwa vipi, FAT32, fomati ya zamani ya diski, haipokei faili zaidi ya gigabaiti 4. Na kamera iendeshe kwa adapta ya umeme, sio betri.

Kitu kilichobadilisha kazi hii kwangu ni programu inayoitwa dvrescue, ya bure, imetengenezwa na MediaArea wakishirikiana na MIPoPS, kikundi cha kuhifadhi picha za video kule Seattle, Marekani. Siri yake ni kwamba kamera inapobandika kipande cha fremu iliyopita kuficha kosa, inaacha alama ndani ya data kwamba hapa nimebandika. Ukihamisha kwa FireWire alama hizo zinakuja na faili. dvrescue inazisoma zote na kukuchorea grafu, unaona dakika ipi ina makosa, na kwa umbo la makosa unaona kama ni hedi moja au zote. Hakuna tena kubishana kwa macho. Alafu ukihamisha kaseti ileile mara mbili tatu, ikiwezekana kwa kamera tofauti, inaweza kulinganisha faili hizo kwa saa ya kaseti na kuchukua kila kipande kizima kutoka kule kilikosomeka vizuri, ikakutengenezea faili moja. Ile dakika ya kwanza iliyochoka, bibi harusi anaingia ukumbini, ndo inapona kwa njia hii. Hedi inakosea hapa mara hii, mara nyingine inakosea pale, ukijumlisha unapata picha kamili. Kwa sababu hiyo faili asili la DV usilifute hata kama lina viboksi, na usilikandamize kuwa MP4 kwanza, ukilikandamiza zile alama zinapotea na viboksi vinakuwa sehemu ya picha milele. Tengeneza MP4 ya kurusha kwenye simu za ndugu, sawa, ila asili ibaki.

Kwa wenye HDV, zile kamera za baadaye zilizorekodi kwa ubora wa juu kwenye kaseti hizihizi, mambo ni magumu zaidi. DV kila fremu inajitegemea, kosa likitokea linaisha na fremu yake. HDV inatumia MPEG-2, njia ya kukandamiza video, na fremu zinategemeana kwa makundi, PAL kundi ni fremu 12, kwahiyo doa dogo sana linagandisha picha karibu nusu sekunde nzima. Usafi wa hedi hapo hauna mjadala.

Na kama majaribio yote yanaonyesha kweli ni mkanda, palepale kila mara, bado hujafika mwisho. Mkanda uliokunjika unapoteza zile sekunde zake tu, mbele yake picha ipo. Gamba la kaseti likivunjika au magurudumu yakikwama, skrubu zake ni ndogo na zinafunguka, magurudumu mawili na mkanda wake yanahamishiwa kwenye gamba la kaseti nyingine ya chapa hiyohiyo, ukivaa glavu na usiguse uso wa mkanda kwa vidole. Mkanda uliokatika unaungwa kwa utepe maalum wa kuungia mikanda, sio selotepu ya kawaida, gundi ya selotepu inatoka kwenye joto na kuishia kwenye drami, na pale palipoungwa usipachezee, hamisha kipande cha kabla, toa, ruka, hamisha cha baada.

Nina kaseti za shangazi za 2006 zinanisubiri, zimeandikwa LP kwa kalamu ya wino, na kamera iliyozirekodi iko Muheza kwa binamu, kioo kilishapasuka lakini anasema bado inazungusha kaseti. Nimemwambia asimpe mtu, naifuata.